Kuunganisha oda za mauzo, ankara za wasambazaji na usafirishaji wa mzigo katika programu ya uhasibu

Kampuni nyingi za biashara ya jumla zinapohama kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye programu ya uhasibu, huingiza oda za wateja upande mmoja na ankara za wasambazaji upande mwingine, huku gharama za meli, bandari na malori zikiachwa zitue zote kwenye akaunti moja ya matumizi inayoitwa "Usafiri". Mwisho wa mwaka mizania hulingana na kodi hulipwa, lakini mwenye kampuni akiuliza oda fulani ya mteja fulani ilileta faida kiasi gani, hakuna mtu ofisini anayeweza kumjibu kwa hakika. Jibu hilo hupatikana tu pale ambapo kila hati imeshikamana na nyenzake ndani ya mfumo, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuzishikamanisha.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kampuni ya Dar es Salaam iliyosajiliwa kwa VAT, inayoagiza feni za kusimama na pasi za umeme kutoka Guangzhou na kuziuza kwa jumla, ikiwa na mteja mwenye duka Mwanza. Takwimu za mfano nimezichagua ziwe rahisi kuzifuatilia. Majina ya menyu hutofautiana kati ya programu na programu, ila mpangilio wa hati ni uleule katika Odoo, ERPNext na nyingine za aina hiyo.

Maandalizi kabla ya oda ya kwanza

Kazi huanzia kwenye orodha ya bidhaa. Kila bidhaa iwe na msimbo mmoja tu, ambao ndio unaotumiwa na watu wa mauzo, wa manunuzi na wa stoo, na iwe na vipimo vyake vyote pamoja na uwiano kati ya vipimo hivyo. Kiwanda kitaandika kwenye ankara yake katoni 50 za pasi, na mtunza stoo atapokea pasi 600. Ikiwa programu haijaelezwa kwamba katoni moja ina pasi 12, hati hizo mbili hazitakutana kamwe, na mhasibu ataishia kuzilazimisha kwa mkono. Jaza pia uzito na ujazo wa kila bidhaa kwa mita za ujazo. Watu wengi huziacha nafasi hizo wazi kwa kuona hazina kazi, na baadaye hushindwa kugawa nauli ya meli kwa haki.

Upande wa leja, hakikisha kuna akaunti ya Thamani ya Stoo, akaunti ya Gharama ya Bidhaa Zilizouzwa, akaunti ya Usafiri wa Kupeleka kwa Wateja iliyo peke yake, na akaunti ya VAT ya Manunuzi. Ya tano ni akaunti ya daraja, ambayo hupokea upande mmoja mzigo unapoingia stoo na upande wa pili ankara inapoingia ofisini. Hapa nitaiita Mzigo Unaosubiri Ankara. ERPNext huja na akaunti ya namna hii tangu inaposimikwa, na matoleo mengi ya Odoo yana zake za muda ukiwasha uthamini wa stoo unaojiendesha wenyewe. Chagua pia njia ya kukokotoa gharama ya bidhaa. Odoo haikubali kuongeza gharama za kufikisha mzigo kwenye bidhaa iliyowekewa gharama ya kudumu, yaani isiyobadilika kila mzigo unapoingia, hivyo bidhaa za kuagiza ziwekwe kwenye wastani au kwenye kanuni ya kilichoingia kwanza hutoka kwanza.

Oda ya mauzo na oda ya ununuzi

Mteja wa Mwanza anaagiza feni 100 kwa shilingi 62,000 kila moja kabla ya VAT, zikifikishwa dukani kwake. Ingiza oda hiyo siku hiyohiyo hata kama stoo haina feni hata moja. Oda ya mauzo haigusi leja, kwa hiyo hakuna hasara ya kuiingiza mapema, na ndiyo itakayobeba kila kitu kitakachofuata. Andika ndani yake nani analipa lori la Mwanza, kwa sababu swali hilo likiachwa kwenye simu ya mtu wa mauzo, mhasibu hatalijua.

Oda ya ununuzi izaliwe kutoka kwenye oda ya mauzo kwa kutumia kitufe cha programu, badala ya kuandikwa upya kwenye ukurasa mtupu. Hapo ndipo kiungo kinapoundwa. Katika mfano wetu kampuni inaagiza feni 400 kwa dola 15 na pasi 600 kwa dola 10, jumla dola 12,000, na kati ya feni hizo ni 100 tu zenye mteja tayari. Kwa sababu hiyo kiungo cha kweli ni cha mstari kwa mstari. Mstari wa feni 100 za mteja unashikamana na sehemu ya mstari wa feni 400, na zinazobaki ni za stoo. Programu isiyoweza kuunganisha kwa kiwango cha mstari itakulazimisha kuandika namba ya oda ya mauzo kwenye maelezo ya mstari, jambo ambalo ni bora kuliko kutokuwa na kiungo, ila halitakupa ripoti ya maana.

Masharti ya kukabidhiana mzigo yaandikwe kwenye oda ya ununuzi. Chini ya FOB (mzigo kukabidhiwa melini), hatari ya mzigo huhamia kwa mnunuzi pale unapopakiwa melini bandarini kwa muuzaji. Chini ya CIF (bei ya bidhaa, bima na nauli) hatari huhamia palepale, isipokuwa muuzaji hulipa nauli ya meli na bima. Tofauti hii ndiyo itakayokuambia ni ankara ngapi za kusubiri. Kwa FOB, kama ilivyo katika mfano wetu, zitakuja angalau nne: ya kiwanda, ya kampuni ya meli, ya bima, na ya wakala wa forodha.

Viwanda vingi vya China hutaka asilimia 30 mwanzoni na asilimia 70 mzigo unapokuwa tayari au nakala ya hati ya shehena, ile inayotolewa na kampuni ya meli mzigo ukishapakiwa, inapotumwa. Dola 3,600 za mwanzo ziingizwe kama malipo ya awali yaliyofungwa kwenye oda ya ununuzi, kwa kiwango cha dola cha siku ya malipo. Zikiingizwa kama gharama au kama deni la jumla la kiwanda, zitaelea hapo miezi mingi, na yupo atakayelipa dola 12,000 kamili mzigo ukifika.

Ankara ya kiwanda, mapokezi, na akaunti ya daraja

Katika manunuzi ya ndani mzigo hutangulia na ankara hufuata. Katika kuagiza kwa meli mambo hugeuka: ankara ya kiwanda huwa imeshaingia wiki kadhaa kabla ya kontena kufika. Kwa dola moja tuliyoichukulia kuwa shilingi 2,500, ankara hiyo ni shilingi 30,000,000. Ukiifungua kutoka ndani ya oda ya ununuzi, programu itadebiti Mzigo Unaosubiri Ankara na kukrediti deni la kiwanda. Mzigo ukipokelewa stoo, itadebiti Thamani ya Stoo na kukrediti daraja, nalo litabaki sifuri.

Kwa hiyo akaunti ya daraja husomwa pande mbili. Salio la krediti humaanisha mzigo upo stoo na ankara yake haijaja. Salio la debiti humaanisha ankara ipo na mzigo haujaingia, na kwa manunuzi ya FOB yaliyokwisha kupakiwa, hilo ni mzigo wako ulioko baharini, ambao kwenye mizania ya mwisho wa mwaka unapaswa kuonekana ndani ya hesabu ya bidhaa kama Mzigo Njiani.

Mapokezi yaingizwe na mtunza stoo, kwa idadi aliyoihesabu mwenyewe, bila kunakili ankara. Tuseme amehesabu feni 396 wakati ankara inasema 400. Programu iliyowekewa ulinganisho wa hati tatu, yaani oda, mapokezi na ankara, itaizuia ankara isilipwe kikamilifu, na daraja litabaki na shilingi 150,000, ambazo ni thamani ya feni nne kwa bei ya kiwandani ya shilingi 37,500. Kiasi hicho kibaki wazi mpaka kiwanda kitoe hati ya kupunguza deni au bima ilipe. Kukifuta kwa kuandika kwamba feni 400 zimepokelewa ni kuhamisha upungufu kutoka kwa aliyeusababisha kwenda kwa mtunza stoo, ambaye ataulizwa siku ya kuhesabu mali. Kuanzia hapa na kuendelea, mfano unachukulia kwamba feni zote 400 zilifika.

Ankara za watu wa njiani

Hapa ndipo viungo vingi hukatika. Ankara ya kiwanda ina oda ya ununuzi ya kushikilia, ilhali ya meli, ya bima na ya wakala huja zenyewe, kila moja kwa wakati wake, na hakuna hata moja inayotaja oda yako. Zinachotaja zote ni hati ya shehena, yaani B/L. Kwa hiyo ongeza sehemu ya namba ya B/L kwenye hati ya mapokezi na kwenye ankara ya msambazaji, uifanye ya lazima kwa wasambazaji wa kundi la usafirishaji na forodha, na ukatae kuhifadhi ankara isiyo nayo. Kwa hatua hiyo moja unaweza kuita kwa namba moja kila senti iliyotumika kwa kontena lile.

Ankara ya wakala wa forodha inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu inachanganya vitu vya asili tofauti kabisa. Katika mfano wetu, gharama za kiwanda, nauli ya meli ya shilingi 4,000,000 na bima ya 200,000 zinafanya thamani ya CIF kuwa 34,200,000. Ushuru wa forodha tunauchukulia kuwa asilimia 25, kiwango ambacho ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huzitoza bidhaa nyingi zilizokamilika: ni 8,550,000. VAT ya asilimia 18 hukokotolewa juu ya CIF pamoja na ushuru, yaani juu ya 42,750,000, nayo ni 7,695,000. Tozo nyingine za forodha, kama ile ya maendeleo ya reli, nimeziacha ili hesabu isiwe ndefu; hufuata njia ileile ya ushuru. Wakala amelipa yote hayo kwa niaba ya kampuni, akaongeza 2,000,000 za bandari, uondoshaji na lori hadi stoo, na 450,000 za faini ya kuchelewesha kontena. Jumla ya ankara yake, kabla ya VAT ya huduma zake mwenyewe, ni 18,695,000.

Mwenye haraka ataandika mstari mmoja wa 18,695,000 kwenye "Gharama za bandari". Mistari sahihi ni minne. Ushuru wa 8,550,000 na huduma za 2,000,000 zinaingia kwenye gharama ya bidhaa. VAT ya 7,695,000 inakwenda kwenye VAT ya Manunuzi, kwa kuwa kampuni iliyosajiliwa itaidai, na uthibitisho wake ni hati za forodha zenye jina na namba ya mlipakodi ya kampuni yenyewe, ambazo inafaa kuziambatisha kwenye ankara ndani ya mfumo. Faini ya 450,000 inakwenda kwenye matumizi ya mwezi huo, kwa sababu kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa, IAS 2, hakiruhusu hasara zisizo za kawaida kujazwa ndani ya thamani ya stoo. Kuna faida nyingine ya kuitenga: mwenye kampuni huiona ilivyo, ikiwa wazi, na anaweza kuuliza kwa nini kontena lilichelewa.

Kugawa gharama kwa bidhaa

Sasa kuna shilingi 14,750,000 za nauli, bima, ushuru na huduma, za kuongezwa juu ya 30,000,000 za kiwanda. Katika Odoo kazi hii hufanyika kwenye menyu ya "Landed Costs", na katika ERPNext kwenye "Landed Cost Voucher". Katika zote mbili unachagua hati ya mapokezi, unaleta mistari ya gharama, kisha unachagua kigezo cha mgawanyo. Odoo hutoa mgawanyo wa sawa kwa sawa, kwa idadi, kwa gharama iliyopo, kwa uzito na kwa ujazo, na kila mstari unaweza kuwa na kigezo chake. ERPNext hugawa kwa idadi au kwa thamani, na inakuruhusu kuingiza mgawanyo wako mwenyewe kwa mkono.

Kigezo kifuate kile kilichosababisha gharama. Ushuru na bima hutozwa kwa thamani, kwa hiyo vigawanywe kwa thamani. Kontena na lori hujazwa na ukubwa wa katoni, kwa hiyo nauli na huduma zigawanywe kwa ujazo. Katika mfano wetu feni zimechukua mita za ujazo 20 na pasi 5, ingawa thamani zao kiwandani ni sawasawa, shilingi 15,000,000 kila upande. Basi feni zinabeba nauli ya 3,200,000, bima 100,000, ushuru 4,275,000 na huduma 1,600,000. Jumla yake ni 24,175,000, sawa na shilingi 60,437.50 kwa feni moja. Pasi zinabeba 800,000, 100,000, 4,275,000 na 400,000, na pasi moja inagharimu takriban shilingi 34,292.

Kama kila kitu kingegawanywa kwa thamani, kama wengi wanavyofanya, feni ingeonekana kugharimu 55,937.50 na pasi takriban 37,292. Pasi zingekuwa zinazilipia feni nauli kimyakimya, na mtu wa mauzo angepunguza bei ya feni akiamini ana nafasi ambayo hanayo.

Ankara ya meli au ya wakala ikichelewa na wateja wanasubiri mzigo, usisubiri. Ingiza makadirio kwa msingi wa shehena iliyopita, uyapitishe siku ya mapokezi, kisha urekebishe ankara halisi ikifika. Ukiacha kabisa, feni zitatoka stoo kwa gharama ya 37,500, na faida ya mwezi itavimba. Gharama inapoletwa baada ya sehemu ya mzigo kuuzwa, sehemu inayohusu bidhaa zilizokwisha kutoka inapaswa kwenda kwenye Gharama ya Bidhaa Zilizouzwa. Jaribu kwa bidhaa moja uone programu yako inafanya nini, kabla ya kuiamini kwa kontena zima.

Kutoka stoo hadi kwa mteja

Hati ya kupeleka mzigo itengenezwe kutoka kwenye oda ya mauzo, na ankara ya mteja itengenezwe kwa kiasi kilichopelekwa, wala si kilichoagizwa. Lori la kwanza likichukua feni 60, ankara iwe ya 60, na oda ibaki wazi kwa 40. Kwa kuwa makubaliano ni kufikisha dukani Mwanza, mauzo kihasibu hukamilika mteja anapopokea. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, hata hivyo husafiri pamoja na mzigo, na VAT yake huhesabiwa tangu inapotolewa. Siku za kati ya mwezi tofauti hii haisumbui. Mzigo ulioondoka tarehe 30 na kupokelewa tarehe 2 ndio unaohitaji rekebisho la mauzo na gharama yake.

Lori la kwenda Mwanza limegharimu shilingi 250,000. Gharama hii haiingii kwenye thamani ya stoo, kwa sababu ni gharama ya kuuza; inakwenda kwenye Usafiri wa Kupeleka kwa Wateja, na ankara ya mwenye lori ibebe namba ya oda ya mauzo. Lori likibeba mizigo ya wateja watatu, gawa ankara yake katika mistari mitatu.

Sasa oda ya Mwanza inasomeka yote. Mauzo ni 6,200,000, gharama ya feni 100 ni 6,043,750, na faida ghafi ni 156,250. Ukitoa lori, oda hii imekula hasara ya 93,750. Kwa mgawanyo wa thamani peke yake, oda hiyohiyo ingeonyesha faida ya 356,250 baada ya lori. Na kwa kampuni inayotupa kila kitu kwenye akaunti ya "Usafiri", ingeonyesha faida ghafi ya 2,450,000, na huenda mteja huyu angepewa punguzo la bei kwa kuwa mnunuzi mkubwa.

Mzigo usiopita stoo

Wakati mwingine msambazaji wa ndani hupeleka bidhaa moja kwa moja kwa mteja wako. Usiingize mapokezi ya uongo ya stoo ili tu hati zikamilike. Programu nyingi zina njia maalumu ya mzigo wa moja kwa moja, ambapo hati moja huthibitisha kupokea na kupeleka kwa pamoja. Omba hati ya mapokezi iliyosainiwa na mteja kabla ya kukubali ankara ya msambazaji, kwa maana hakuna mtu wako aliyeuona mzigo huo.

Ukaguzi na marekebisho

Kila wiki fungua akaunti ya daraja na uisome mstari kwa mstari. Kila salio liwe na oda ya ununuzi nyuma yake na sababu inayoelezeka: mzigo uko baharini, ankara haijafika, feni nne zinadaiwa. Salio lisilo na oda karibu kila mara ni ankara iliyofunguliwa kutoka kwenye ukurasa mtupu. Pitia pia oda za mauzo zilizopelekwa bila ankara ya mteja, na mapokezi ya nje ya nchi yasiyo na gharama yoyote iliyoongezwa. Mwisho wa mwezi, jumla ya ripoti ya thamani ya stoo ilingane na akaunti ya Thamani ya Stoo kwenye leja. Zisipolingana, mtu amepitisha ingizo la mkono kwenye akaunti hiyo, na ruhusa hiyo iondolewe.

Hati iliyokwisha kupitishwa isifutwe. Mteja akirudisha feni tatu, fungua hati yake ya awali ya kupelekewa mzigo na utengeneze marejesho kutoka humo, kisha toa hati ya kupunguza deni dhidi ya ankara ileile. Feni hizo zitarudi stoo kwa gharama ileile zilizotoka nayo, shilingi 181,312.50 kwa zote tatu, na idadi kwenye oda itajirekebisha yenyewe. Nauli ya kuzirudisha kutoka Mwanza, kama kampuni ndiyo iliyoilipa, ni mstari mwingine wa Usafiri wa Kupeleka kwa Wateja, wenye namba ya oda ileile.